Chupa Ipi ya Mafuta ya Zeituni? Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii zimeangukia rafu moja ya supamaketi: ya mafuta ya zeituni. Bei yake si ya kubahatisha, na chupa zenyewe zimejaa maneno. Tumezipanga barua hizo kwa namna swali moja linavyozaa lingine.

Supamaketi ya karibu na kwetu ina aina tano za mafuta ya zeituni. Kuna "extra virgin", "pure", "light", nyingine "pomace", na bei zinapishana mno. Kwani yote si zeituni? — Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

Yote yametoka kwenye zeituni, ila hayakupita njia moja, na hiyo njia ndiyo unayoilipia.

"Extra virgin" ni maji ya tunda. Zeituni huoshwa, husagwa pamoja na kokwa zake mpaka ziwe uji mzito, uji hukorogwa polepole kwa nusu saa au dakika 45 ili matone ya mafuta yakutane, kisha mashine huuzungusha kwa kasi na mafuta hujitenga na maji na makapi. Hakuna dawa inayotiwa. Ili yapewe daraja hilo, mafuta hufanya mitihani miwili. Wa kwanza ni wa maabara: asidi huru isizidi gramu 0.8 katika gramu 100 za mafuta, na kipimo cha peroksaidi, kinachoonyesha mafuta yalivyoanza kushikwa na oksijeni, kisizidi 20. Wa pili ni wa pua na ulimi: jopo la waonjaji waliofunzwa lisikute kasoro, na likute ladha ya tunda. Mafuta yanaweza kufaulu maabara yakaangushwa na waonjaji, na hapo hushuka kuwa "virgin" tupu, daraja linaloruhusu asidi hadi asilimia 2 na kasoro kidogo. Hilo la pili hulioni sana madukani kwetu.

"Pure", "classic", au "olive oil" bila neno jingine la daraja, ni kitu kingine. Hayo kwa sehemu kubwa ni mafuta yaliyokamuliwa kwenye zeituni zilizoharibika: zilizodondoka zikakaa chini, zilizorundikwa magunia zikaanza kuvunda. Kwa hali hiyo hayaliki. Hupelekwa kiwandani yakaondolewa asidi, rangi na harufu mpaka yakabaki hayana ladha yoyote, ndipo huchanganywa na kiasi cha mafuta mazuri ili yanukie zeituni. Si sumu, na yanafaa kupikia. Lakini neno "pure" halina maana unayoidhania. Na "light" ni wepesi wa rangi na ladha tu. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, sawasawa na zeituni nyingine zote.

"Pomace" ni mashudu. Wakazi wa mikoa ya alizeti, Singida na Dodoma, wanayajua mashudu: makapi yanayobaki baada ya kukamua. Mashudu ya zeituni huoshwa kwa kiyeyushi kiitwacho heksani ili kutoa mafuta ya mwisho yaliyonasa, kisha yanasafishwa kiwandani na kutiwa mafuta mazuri kidogo. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia: neno OLIVE limeandikwa kubwa, picha ya tawi lenye zeituni imejaa mbele, na "pomace" imejibana chini kwa herufi ndogo. Soma mpaka chini.

Sawa, nimeamua nataka "extra virgin". Nikisimama mbele ya rafu nianze kuangalia nini? — Mama wa watoto watatu, Nyali, Mombasa

Anza na chombo, mama, kabla hata ya jina. Mwanga huyaharibu mafuta haya haraka kwa sababu ya klorofili iliyomo, ile rangi ya kijani ya majani. Klorofili ikipigwa na mwanga huwa kichochezi, mafuta yanashika hewa ya oksijeni upesi na kuanza kuchacha. Kwa hiyo chagua bati, au chupa ya kioo cheusi au cha kijani kilichokoza. Chupa nyeupe inayoonyesha mafuta yanavyong'aa inapendeza macho, lakini iache. Na hata ukipata chupa nyeusi, usichukue ile ya mbele iliyokaa chini ya taa miezi. Ingiza mkono nyuma ya rafu utoe iliyojificha. Ukikuta dirisha la duka linapiga jua kwenye rafu hiyo, nunua duka jingine.

Sasa geuza chupa nyuma utafute tarehe. Kunaweza kuwa na tarehe tatu na hazina uzito sawa. Ya "best before" huhesabiwa tangu siku ya kutia chupani, mara nyingi miezi 18 hadi 24. Lakini mafuta yanaweza kuwa yalishakaa kwenye matangi muda mrefu kabla ya siku hiyo, kwa hiyo chupa iliyofungwa juzi inaweza kubeba mafuta ya zamani. Tarehe ya kuaminika zaidi ni ya mavuno. Itafute kwa jina la nchi ilikotoka: "harvest" kwa Kiingereza, "cosecha" kwenye chupa za Hispania, "raccolta" au "campagna olearia" kwenye za Italia, "récolte" kwenye za Tunisia na Moroko. Ukikuta 2024/2025, maana yake matunda yalichumwa kati ya Oktoba 2024 na mwanzoni mwa 2025, kwani ndio msimu wa nchi zote zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Afrika Kusini msimu ni kinyume, wanachuma karibu Machi hadi Julai, hivyo chupa zao huandikwa mwaka mmoja tu. Katika Umoja wa Ulaya mwaka wa mavuno unaruhusiwa kuandikwa pale tu mafuta yote yaliyomo ni ya mavuno hayo. Ndiyo sababu chupa nyingi za mchanganyiko hazina mwaka.

Lengo lako liwe mafuta ya mavuno ya mwisho, au ya nyuma yake kwa msimu mmoja tu. Chupa isiyo na mwaka, hesabu kinyumenyume: kama imebakiza chini ya mwaka mmoja kufika "best before", basi imeshakula sehemu kubwa ya umri wake. Ukiona punguzo kubwa la ghafla kwenye zeituni, angalia tarehe hiyo kabla ya kufurahi. Alama ya TBS au KEBS ni ya lazima kuitazama, lakini haikuambii mafuta yana umri gani.

Kifuniko nacho kikague. Pete ya kufungia iwe nzima, na shingo ya chupa isiwe na mafuta yaliyochirizika kisha yakanata vumbi. Pale mafuta yalipotokea, hewa nayo imeingia.

Halafu bei. Usilinganishe chupa kwa chupa, linganisha kwa mililita 100: bei gawanya kwa ujazo, zidisha kwa 100. Chupa nyingine za bei nafuu huwa na ujazo mdogo kuliko umbo lake linavyoonyesha. Lita moja ya mafuta haya hula takriban kilo 4 hadi 6 za zeituni, na zikichumwa mapema zikiwa za kijani hula zaidi. Kwa hiyo "extra virgin" inayouzwa karibu na bei ya "pomace" ya rafu ileile haina hesabu inayokubali. Lakini bei kubwa peke yake nayo si ushahidi. Bei zilipanda mno baada ya ukame wa Hispania, ambako mavuno ya 2022/2023 yalishuka chini ya nusu ya msimu uliotangulia, na chupa mbovu zilipanda pamoja na nzuri.

Mwisho ni ukubwa, na hapa akina mama wengi hujipunja kwa nia njema ya kubana matumizi. Ukishaifungua, chupa inakupa miezi miwili, ikizidi sana mitatu. Kama nyumbani mnatumia vijiko viwili vya chakula kwa wiki, hiyo ni mililita 30: chupa ya 250 itaisha wiki ya nane, ya 500 itakaa karibu miezi minne, na nusu yake ya mwisho utaitumia ikiwa imechacha. Bati la lita 3 ni la nyumba inayotumia vijiko vitatu au zaidi kila siku.

Nilinunua chupa ya gharama, nikaonja, ikanikereketa koo mpaka nikakohoa. Nimeuziwa mafuta yaliyoharibika? — Msomaji, Kilimani, Nairobi

Hapana, na pengine hiyo ndiyo chupa nzuri kuliko zote ulizowahi kununua. Uchungu ulimini na mkereketo kooni ni kazi ya polifenoli, kemikali za tunda lenyewe ambazo pia huyakinga mafuta yasichache. Inayokereketa hasa inaitwa oleokanthali. Mwaka 2005 watafiti wa Monell Chemical Senses Center, Philadelphia, walieleza kwenye jarida la Nature kwamba inagusa koo kwa namna ileile ya dawa ya ibuprofeni na inazuia vimeng'enya vilevile vya uvimbe. Usiyafanye mafuta kuwa dawa kwa sababu hiyo, kiasi kilicho kwenye kijiko ni kidogo. Lakini kama kipimo cha uhai wa mafuta, koo halidanganyi. Mafuta yaliyozeeka huwa laini, hayana neno.

Nyumbani unaweza kuonja hivi. Chukua kikombe kidogo cha kahawa chungu, kile cha pwani kisicho na mkono. Tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Shika kikombe kwa kiganja kimoja, kifunike kwa kiganja kingine, uzungushe taratibu kwa dakika nzima. Waonjaji wa kazi hupasha mafuta kufikia nyuzi 28 hivi, joto ambalo harufu huachia. Mombasa tayari ulishafika, Nairobi asubuhi ya Julai itabidi ushikilie zaidi. Funua, tia pua ndani, vuta pumzi moja ndefu. Mafuta mazima hunukia kitu kibichi: nyasi zilizokatwa sasa hivi, jani la mnyanya ulilolisugua vidoleni, ndizi mbichi, wakati mwingine tufaha au lozi.

Kasoro nazo zina majina na sababu. Harufu ya karanga zilizosahaulika kwenye kopo, nta, au nazi iliyochacha ni kuzeeka: hewa, mwanga au joto vimeshafanya kazi. Harufu ya siki au mvinyo ni matunda yaliyochachuka kabla ya kusagwa. Harufu ya gunia lililoloa na kuvunda ni zeituni zilizorundikwa kwa siku kadhaa zikapata joto lake zenyewe. Harufu ya ukungu inajieleza. Ya kwanza inaweza kuwa kosa la msafirishaji au duka, lakini hizo nyingine zilikuwemo tangu kinuni na hazikustahili kuitwa daraja la juu.

Kisha piga funda dogo, nusu kijiko cha chai, livute pamoja na hewa kati ya meno, lisambaze ulimi mzima, meza. Uchungu huja kwanza, ulimini. Mkereketo huchelewa, hesabu mpaka tano. Kabla ya chupa ya pili kula kipande cha tufaha, unywe maji. Fanya hivyo kwa chupa mbili kwa pamoja, ya "extra virgin" na ya "pure", mara moja tu, na hutasahau tofauti.

Nimeambiwa mafuta halisi ya zeituni yakiwekwa kwenye friji huganda, ya bandia hayagandi. Pia kwamba ya kijani ndiyo bora. Ni kweli? — Msomaji, Ngara, Nairobi

Yote mawili si kweli. Kuganda kunategemea aina ya mzeituni, nta iliyo kwenye ganda la tunda na kiasi cha asidi za mafuta zilizomo. "Extra virgin" halali inaweza kukaa friji siku tatu ikabaki inamiminika, na "pure" iliyosafishwa kiwandani ikaganda kama samli. Mchanganyiko wenye alizeti nao unaweza kuganda kwa sehemu. Jaribio hilo halipimi chochote.

Rangi ni vivyo hivyo. Mafuta ya Picual, aina ya mzeituni wa Hispania, yakichumwa mapema ni ya kijani iliyokoza, ya aina ya Arbequina iliyokomaa ni ya dhahabu, na zote zinaweza kuwa bora. Waonjaji hutumia glasi za buluu nzito makusudi ili rangi isiwashawishi. Na rangi inatiwa: Mei 2019 polisi wa Italia na Ujerumani, wakisaidiwa na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, walivunja mtandao uliokuwa ukichukua mafuta ya alizeti, kuyatia klorofili na beta-karotini, na kuyauza kama "extra virgin". Kwa rangi, yalikuwa kamili.

Chupa moja imeandikwa "acidity 0.3%", nyingine "first cold pressed", nyingine ina bendera ya Italia. Nifuate ipi? — Msomaji, Goma

Asidi kwanza. Huwezi kuionja, haihusiani na uchachu wala mkereketo. Ni kipimo cha mafuta yaliyovunjika ndani ya tunda kabla ya kukamuliwa, kwa hiyo namba ndogo inaonyesha zeituni zilikuwa nzima na zilisagwa upesi. Hiyo ni habari njema. Ila asidi ya 0.3 ilipimwa siku ya kiwandani, na mafuta yaliyosafishwa kwa kemikali nayo huwa na asidi ya chini ya 0.3. Ndiyo maana sheria ya Ulaya inamtaka anayeandika asidi aandike pia vipimo vingine kando yake, kikiwemo cha peroksaidi, kwa herufi za ukubwa uleule. Namba moja inayojisifu peke yake usiipe uzito.

"Cold" ina maana kisheria huko Ulaya: joto la uji halikuzidi nyuzi 27. Kukamua kwa vinu vya kushindilia kumebaki kwa wachache, viwanda vingi vinazungusha, ndiyo sababu lebo makini hueleza "cold extraction", au "extrait à froid" kwa chupa za Kifaransa unazozikuta huko kwenu. Neno hilo ni zuri kuwepo, lakini karibu kila "extra virgin" ya leo imetengenezwa hivyo.

Bendera ndiyo inayodanganya zaidi. Kampuni ya Italia inaruhusiwa kununua mafuta Hispania, Ugiriki na Tunisia, kuyachanganya na kuyafunga Italia. Mbele kuna kilima cha Toscana, nyuma kuna sentensi ndogo kwamba ni mchanganyiko wa mafuta kutoka nchi za Umoja wa Ulaya na nje yake. Soma sentensi hiyo. Mchanganyiko si lazima uwe mbaya, ila mafuta ya nchi moja, mkoa mmoja, au yenye jina la kinu yana mtu wa kuulizwa. Alama za Ulaya za DOP na IGP zinathibitisha mahali mafuta yalikotoka. Na usiidharau chupa ya Tunisia, mzalishaji mkubwa kuliko wote barani Afrika. Kwa miaka mingi mafuta yao yameondoka kwa matangi na kurudi sokoni yakiwa na majina ya wengine. Chupa iliyofungwa kwao, ya aina za mizeituni yao, Chemlali laini au Chetoui yenye uchungu, mara nyingi inakupa mafuta bora kwa pesa kidogo.

Ni kweli "extra virgin" ikipikiwa inageuka sumu? — Msomaji, Arusha

Si kweli. Huanza kutoa moshi kati ya nyuzi 190 na 210 hivi, na kukaanga kwa kawaida ni 160 mpaka 180. Kitunguu, mayai, mchicha, samaki wa kukausha kidogo kwenye kikaango: pika bila hofu. Ikitoa moshi ujue moto umezidi, punguza, na hilo ni kweli kwa mafuta yote.

Kinachopotea kwenye moto ni harufu uliyoilipia. Kwa maandazi, bagia na chipsi zinazozama kwenye mafuta, kutumia daraja la juu ni kumwaga pesa, alizeti inatosha. Ushauri wetu ni kupikia mafuta ya kawaida na kumalizia kwa mazuri: kijiko kimoja juu ya sahani ya maharage kabla tu ya kula, juu ya kachumbari badala ya chumvi nyingi, au juu ya samaki wa kuchoma akiwa bado wa moto, pamoja na ndimu. Joto la samaki linafumua harufu ya mafuta pale pale mezani. Hapo utajua ulinunua nini.

Hapa Muscat mwenzangu wa kazini, Mpalestina, huleta mafuta ya kwao kwenye bati kubwa na dumu za plastiki. Yamechafuka kidogo, hayana lebo. Ninunue? — Mzanzibari, Muscat

Yanaweza kuwa mafuta bora kuliko yote ya supamaketi, na yanaweza kuwa mabovu. Lebo haipo, kwa hiyo maswali ndiyo lebo yako. Muulize vitu vitatu. Zeituni zilichumwa lini? Kwao msimu ni Oktoba na Novemba, kwa hiyo jibu liwe la vuli iliyopita. Zilikaa muda gani kabla ya kinu? Siku hiyohiyo au kesho yake ni sawa; wiki kwenye magunia si sawa. Yamehifadhiwa wapi tangu hapo? Dumu lililopita kiangazi cha Oman kwenye roshani limeshakwisha, hata kama lilikuwa la mzeituni wa babu yake. Ukijibiwa vizuri, onja kama tulivyoeleza juu.

Ule uchafu ni chembe za tunda na maji kidogo, kwa sababu hayakuchujwa. Mwezi wa kwanza yanapendeza. Baadaye chembe hutuama chini, na kwa kuwa zina maji na sukari, huchachuka na kuyapa mafuta yote harufu ya tope lililovunda. Kwa hiyo usiyaache kwenye dumu. Liache litulie wiki moja mahali penye baridi, kisha mimina juu kwa juu bila kulitikisa kwenye chupa ndogo za kioo cheusi, zilizooshwa na kukauka kabisa ndani. Jaza mpaka shingoni ili hewa isibaki, funga kwa nguvu. Mafuta ya chini yenye tope pikia wiki hiyohiyo. Plastiki nyembamba hupitisha oksijeni na mafuta hufyonza harufu yake, kwa hiyo kadiri unavyoyahamisha mapema ndivyo bora.

Na kwa kuwa uko Oman: Jabal Akhdar kuna mizeituni pia, huko juu kwenye baridi. Ukipata ya msimu kutoka kwa mkulima, maswali ni yaleyale matatu.

Niyaweke wapi jikoni? Kwetu Tanga joto halipoi. — Msomaji, Ngamiani

Mbali na jiko. Sehemu inayozoeleka, kando ya jiko la gesi au juu ya friji, ndiyo mbaya kuliko zote, maana mgongo na juu ya friji huwa na joto saa zote. Kabati la chini, lenye mlango, ukuta usiopigwa na jua la jioni: hapo. Joto zuri ni nyuzi 14 hadi 20, ambalo Tanga hulipati bila mashine, kwa hiyo fidia kwa kununua kidogo kidogo. Friji inaruhusiwa. Huenda yakaganda vipande vyeupe kama mchele, ukiyatoa nusu saa kabla yanarudi yalivyokuwa, ila usiyatoe na kuyarudisha kila siku kwa sababu umande huingia ndani ya chupa.

Zile chupa nyeupe za mezani zenye mdomo wa bomba, zisizofungika, ziache zikae dukani. Na usiongezee mafuta mapya juu ya masalia ya zamani: masalia yaliyochacha huambukiza mapya. Maliza, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha mpaka ndani, ndipo ujaze.

Kichupa cha "olive oil" cha duka la dawa ni rahisi sana. Naweza kukitilia kachumbari? — Msomaji, Morogoro

Kikiwa na herufi "BP" kimetengenezwa kufuata kanuni za dawa za Uingereza, kwa ngozi, nywele au kulainisha nta ya sikio. Mara nyingi ni mafuta yaliyosafishwa. Hakina ladha ya kukupa, na vingine vya vipodozi huwa na manukato au mafuta ya madini. Kwa ngozi sawa, kwa sahani hapana. Kwa mtoto mchanga waulize kliniki kwanza, kwa sababu mafuta ya zeituni yanaweza kudhoofisha kinga ya ngozi changa.

Huku kwetu mutamaiyu imejaa. Si ni mzeituni huo? Mbona hatukamui? — Msomaji, Nyeri

Ni mzeituni kweli, ndugu wa damu wa ule wa Mediterania, aina ya Kiafrika ambayo Wamasai huiita oloirien na kutumia kijinga chake kufukizia vibuyu vya maziwa. Lakini tunda lake ni dogo kama punje ya mbaazi, karibu lote ni kokwa, nyama ni utando tu. Ule wa mafuta ulichaguliwa na wakulima kwa maelfu ya miaka ili nyama inenepe. Kuupanda ule huku nako kuna mtihani wake: unahitaji wiki kadhaa za baridi ya majira ya kipupwe ndipo utoe maua kwa pamoja, na karibu na Ikweta majira hayo hayapo. Utaota vizuri, utakupa kivuli na majani, matunda machache.

Nimegundua bati langu limechacha. Nilirudishe? — Msomaji, Kisumu

Kama ulilifungua ndani ya wiki hii na tarehe haijapita, rudi nalo dukani pamoja na risiti. Taja harufu yenyewe: sema "yananuka karanga za zamani", au "siki", usiseme tu hayana ladha. Omba wafungue jingine la shehena ileile mbele yako. Namba ya shehena mara nyingi huanza na herufi L, iko karibu na tarehe. Kama la pili nalo linanuka, tatizo ni la shehena nzima, wala si la jikoni kwako.

Kama lilikaa wazi miezi sita, lipeleke kwenye bawaba za mlango na kufuli lililoshika kutu. Usilikaangie chakula ukidhani moto utaua harufu, moto huizidisha.